Mtega fuko alivyouokoa ukoka wangu

Asubuhi moja ya masika nilihesabu marundo 11 ya udongo mbichi juu ya ukoka wangu. Tunaishi Tengeru, chini ya Mlima Meru, kwenye udongo mweusi wa volkano ambao fuko anaupenda kwa sababu ni mwepesi kuchimba. Ukoka ule niliupandikiza mwenyewe, shina kwa shina, na mwanangu wa mwisho alijifunzia kutembea hapo. Sasa ukikanyaga, mguu unatitia. Nyuma ya nyumba mgomba wenye mkungu ulilala chini. Kuutazama, mizizi imeliwa yote.

Nilihangaika miezi mitatu. Nilimwaga maji shimoni ndoo kwa ndoo, ardhi ikayanywa. Nikafukiza pilipili kavu. Nikapanda utupa kando ya ua, maana majirani wanausifu sana, lakini msimu ule sikuona nafuu yoyote. Mtandaoni nilikuta ushauri wa kuua minyoo ili fuko akose chakula. Huyo ni fuko wa Ulaya, anayekula minyoo. Wa kwetu ni jamii ya panya, anakula mizizi na viazi.

Muuza pembejeo mmoja alinishauri nitumie vidonge vya kufukizia mahindi. Nilikataa katakata. Vikipata unyevu vinatoa gesi inayoua watu, na chumba wanacholala wanangu kiko hatua chache tu kutoka kwenye mashimo.

Ndipo jirani akaniletea mzee mmoja ambaye kazi yake ni kutega fuko kwenye mashamba ya watu. Bei yake 10,000 kwa kila fuko, na hupokei bili mpaka umemwona mnyama kwa macho.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe la leo."

Alitaka rundo la siku ile, lenye udongo ambao haujakauka. Akachimba pembeni yake kwa panga hadi akaipata njia, akaingiza vidole, akaniambia nami niguse. Ukuta ulikuwa laini kama chungu kilichosuguliwa. "Hapa anapita kila siku," alisema. Njia iliyofuata ilikuwa na vijizizi vinavyoning'inia ndani; akaifukia bila kusema neno.

Mtego wenyewe ni fito mbichi, waya wa breki ya baiskeli na uzi wa katani. Waya anaufanya tanzi linalokaa sawasawa na ukuta wa njia, kisha analifunga kwenye fito iliyochomekwa ardhini na kupindwa. Uzi ndio unaoishikilia fito isifyatuke, nao unakatiza katikati ya njia. Tundu linaachwa wazi makusudi. Fuko hawezi kuvumilia hewa na mwanga nyumbani kwake, lazima aje kuziba. Anakuja akisukuma udongo, anakutana na uzi, anaukata kwa meno, na fito inanyanyuka na tanzi.

Alitega mitego sita. Kesho yake alfajiri fito mbili zilikuwa zimesimama wima. Nilimshika wa kwanza mkononi: manyoya ya kahawia, laini ajabu, vijicho kama punje za ulezi, na meno ya rangi ya chungwa yaliyotokeza nje ya midomo. Anachimba kwa meno hayo akiwa amefumba mdomo, udongo usiingie.

Nilidhani tuna kundi kubwa. Babu akatikisa kichwa: fuko mkubwa anaishi peke yake, na mmoja anaweza kuharibu uwanja mzima. Kwa siku tisa alinasa wanne tu, nikamlipa 40,000, na marundo yakakoma. Nilizishindilia njia kwa mchi, nikarudishia ukoka, na kufikia Julai watoto walikuwa wanacheza mpira pale pale.

Vuli iliponyesha rundo moja lilitokea karibu na uzio. Nilimpigia babu simu kabla udongo haujakauka, na jioni ile ile fito yake ilikuwa imepindwa.