Siku ya 83: Mbona nimetoka mweusi?

Leo tarehe 7 Machi, saa sita na nusu mchana, nilisimama barabara ya 12 hapa Ngamiani nikatafuta kivuli changu nisikione. Kilikuwa kimejificha chini ya kandambili. Tanga tuko nyuzi tano hivi kusini ya Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na saa hiyo mpiga picha mwenye akili zake huwa amelala. Mimi nilikuwa naisubiri siku hii tangu Januari. Nilitaka baiskeli iliyosimama kwa stendi ya nyuma, jua likiwa juu kabisa, nione kivuli chake kinafanyaje. Kumbe fremu nzima inakuwa mstari mmoja mwembamba katikati ya magurudumu, na usukani unaukatiza kwa mbele kama herufi T iliyopinda. Nimeipata. Ni picha ya kwanza mwezi huu ambayo naipenda.

Kwa asiyekuwepo tangu mwanzo: mradi ulianza tarehe 15 Desemba. Nilijiwekea masharti. Kamera moja, Nikon D90 ya mtumba yenye megapikseli 12 na mpira wa kushikia ulioanza kubanduka. Lenzi moja ya milimita 35. Nisitoke nje ya Ngamiani. Kila siku picha moja ya jambo la kawaida ambalo hakuna mtu angenilipa nilipige, maana kazini napiga harusi, mahafali na pasipoti, na humo kila mtu amevaa nguo ambayo kesho haivai. Sharti la mwisho ni kuhariri kusizidi dakika kumi kwa picha. Hilo la mwisho nimelivunja mara nyingi, na karibu kila nilipolivunja nilijuta.

Wiki hii nataka kuandika kuhusu mama wa vitumbua, kwa sababu ndiye aliyenifundisha zaidi ya video zote nilizotazama.

Ilikuwa siku ya 19. Asubuhi hiyo nilifika kwake saa kumi na mbili na nusu, jua limetoka robo saa tu iliyopita. Nilijibanza kibarazani, yeye mbele yangu ameinamia karai la vitumbua, nyuma yake mtaa unameremeta na moshi wa mkaa unapanda. Nilidhani nimefanya la maana. Kesho yake nikampelekea kwenye simu. Akaitazama, akaipeleka mbali na macho, akairudisha.

"Mwanangu, mbona nimetoka mweusi?"

Swali hili kila mpiga picha wa hapa kwetu ameshalisikia, na kila mmoja ana jibu lake la utani. Kabla sijatoa langu akaongeza: "Mweusi mimi ni mweusi, najijua. Lakini huyu macho yake yako wapi?"

Nikatazama tena. Kweli, hakuwa na macho. Palikuwa na kilemba, mkono, mwiko, na pale penye uso palikuwa na giza.

Kosa lilikuwa langu, wala si la ngozi yake. Kipima mwanga cha kamera hakijui uso wala ukuta. Kila kinachokiona hukikadiria kana kwamba ni kijivu cha katikati. Ukikiwekea mtaa wenye jua, kinashusha mwanga wote ili mtaa ule uwe kijivu, na aliye kivulini anazama. Hilo nalifundisha hata vijana ninaoenda nao harusini, bwana harusi akivaa kanzu nyeupe. Ila mbele ya moshi mzuri nikalisahau.

Nikarudi nyumbani nikafungua faili kwenye Darktable, hiyo programu ya bure ninayotumia, nikainua vivuli. Macho yakaonekana, lakini na chenga nazo zikaja, na ngozi ikageuka rangi ya majivu kama mtu aliyeamka na homa. D90 ni ya mwaka 2008, mahali penye giza haina akiba ya kutosha. Nilikaa nayo saa nzima na nusu. Dakika kumi zangu zilikuwa zimeshakwenda na maji.

Siku ya 21 nikarudi. Safari hii nilipima mwanga kwenye shavu lake peke yake. Uso ukatoka vizuri sana, hadi mikunjo ya kicheko. Nikamwonyesha. "Hapo sawa," akasema, "lakini moshi umeupeleka wapi?" Moshi haukuwepo! Mtaa nyuma yake ulikuwa umeungua ukawa mweupe, na moshi mweupe mbele ya weupe hauonekani.

Nilipata jawabu siku ya 24, na halikutoka kwenye programu. Nilisogea hatua tatu kushoto. Basi. Kutoka pale, nyuma yake haukuwa mtaa tena, ulikuwa mlango wazi wa stoo, ndani giza, na jua linamjia kwa ubavuni. Moshi ukiangazwa kwa pembeni mbele ya giza unaonekana uzi kwa uzi. Kipima mwanga kikadanganyika tena, safari hii upande wa pili, kikataka kuing'arisha ile stoo, kwa hiyo nikapunguza stopu moja, yaani nusu ya mwanga. Nyumbani niliihariri kwa dakika nne. Nilinyoosha mstari wa ukuta, nikaongeza kidogo sana mwanga wa uso, nikaacha.

Tangu hapo, picha ikinikatalia kwenye kompyuta, najiuliza kwanza ni hatua ngapi sikuzitembea.

Lakini hilo la "nimetoka mweusi" lina historia ambayo si ya hatua tatu. Enzi za mkanda wa filamu, kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, zikajulikana kama kadi za Shirley. Mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya kwenye kadi ikae sawa, na sisi wengine tukatoka tulivyotoka. Kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Nyumbani tuna picha ya harusi ya shangazi, ya mwaka 1984, ambayo bibi harusi ni shela na meno. Shangazi mwenyewe huitazama akacheka, lakini hajawahi kuitundika ukutani.

Kuna neno limekuwa likinizunguka kichwani mradi huu wote, nalo ni kusafisha. Wazee wetu husema kusafisha picha: unapeleka mkanda studio, unasafishwa, unarudishiwa picha na negativu zake. Kusafisha ilikuwa kuitoa picha gizani. Siku hizi bibi harusi akiniambia "kaka, nisafishe kidogo" anamaanisha kingine. Chunusi ziondoke, ngozi iteleze, na mara nyingi, bila kulitaja, aongezewe weupe. Chunusi naziondoa, maana hata zenyewe zilikuwa za wiki hiyo tu. Kovu nauliza kwanza. Weupe siongezi tena. Naongeza mwanga, ambao ni kitu kingine, ingawa kumweleza mteja tofauti hiyo Jumapili usiku, wakati ndugu zake wanazisubiri picha, ni kazi kuliko kupiga picha zenyewe. Nasema "tena" kwa sababu zamani nilikuwa naongeza. Mjini hapa kuna albamu mbili tatu za kazi yangu ambazo nikizikuta sebuleni kwa watu natazama dirishani.

Wala sidai kwamba wazee walipiga ukweli mtupu. Mafundi wa studio walikuwa wakilainisha nyuso kwa penseli juu ya negativu, na nyuma yako ukawekewa pazia lililochorwa ndege au bustani ambayo hujawahi kukanyaga. Tena zile picha nazipenda mno! Lakini nilipokwenda Unguja nikaingia Capital Art Studio, pale Mji Mkongwe, ambayo Ranchhod Oza aliifungua mwaka 1930, nilijikuta nimesimama muda mrefu mbele ya picha za mtaani, sio za studio. Watu wanapita, wanauza, wamekaa. Hawakuwa wakifanya lolote la ajabu, na ndizo nilizoshindwa kuziacha.

Sharti jipya basi, kuanzia siku ya 40: siondoi kitu kilichokuwepo. Lilitokana na fundi baiskeli. Tanga baiskeli ndiyo miguu yetu, na fundi huyu ana kibanda chenye tairi zimening'inia kama bangili. Picha yake ilikatizwa juu na nyaya za umeme, nikazifuta moja moja, anga likabaki safi. Nilijisifu. Fundi alipoiona akaniuliza, uso mkavu kabisa: "Tumekatiwa umeme?" Nikazirudisha. Nikitazama sasa naona zile nyaya ndizo zinazoiambia picha kwamba juu ya kibanda kuna nyumba, na nyumbani kuna watu na taa.

Hesabu mpaka leo: mafaili 2,900 na ushee, siku 83, picha ninazobaki nazo 31. Kuchagua ndiko kugumu kuliko kupiga. Nimejizoesha kutozifungua mpaka zilale siku saba, kwa sababu siku ileile bado nasikia harufu ya vitumbua na kila kitu naona kizuri. Baada ya wiki harufu imekwisha, inabaki picha. Hata hivyo kuna moja ya cherehani ya jirani ambayo naiacha kwenye zile 31 kinyume cha akili. Haijatulia, imetikisika kidogo. Sitoi maelezo.

Juzi nilichapisha 12 za kwanza, saizi ya inchi 4 kwa 6, kwenye duka moja la picha mjini. Zote zikatoka nyeusi. Nikacheka peke yangu pale kaunta, yule kijana akanitazama vibaya. Tatizo lilikuwa kioo cha kompyuta yangu, nimezoea kukiweka mwanga wa mwisho. Sasa nafungua ukurasa mweupe, nashika karatasi nyeupe kando yake chumbani, nashusha mwanga wa kioo mpaka vifanane, ndipo nahariri. Tena nilimwomba kijana azime marekebisho ya moja kwa moja ya mashine, maana yalikuwa yanazitia kijani. Mkupuo wa pili ulitoka vizuri. Nilizitandaza zote kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza mradi ukaonekana kama kitu kimoja badala ya siku zilizotawanyika.

Picha za karatasi ninazigawa kwa waliomo. Hilo ni deni. Mtaani usipolipa, wiki ya pili ukiinua kamera unaulizwa "za kwanza ziko wapi?" na watoto wote wamesikia.

Kwa sababu ya Ramadhani mama wa vitumbua sasa anapika kuanzia saa kumi alasiri, kwa ajili ya futari. Jua linamjia upande mwingine, ule mlango wa stoo haunisaidii tena, na wateja ni wengi kiasi kwamba hatua tatu hazipatikani. Nimeanza upya kama mgeni. Picha ya siku ya 24 nilimpa jana, ya karatasi. Ameibandika ukutani juu ya jiko, na tayari kona ya chini imeanza kuingia masizi. Nikamwambia nitamchapishia nyingine, hii aitundike ndani isiharibike. Amekataa, anasema wateja watamuona wapi.