Siku makopo yaliporuka

Juzi binti yangu alibandika sumaku kwenye kopo tupu la soda la alumini, ikaanguka. Akairudisha, ikaanguka tena. "Baba, kama sumaku hailishiki, kule kwenye taka mnalitoaje?" Swali hilo lilinikumbusha asubuhi tulipowasha kwa mara ya kwanza mashine mpya ya kituo cha halmashauri cha kuchambua taka.

Vikao vya bajeti na zabuni naviruka, ingawa vilichukua muda kuliko ujenzi. Kabla ya ukarabati, kituo kilikuwa na mkanda mmoja wa kusafirishia taka, sumaku ya kunasa vyuma, na kina mama waliochambua vilivyobaki kwa mikono. Katika mchoro mpya niliweka mbele kabisa meza pana ya kuondolea mifuko laini ya plastiki, kwa kuwa hujisokota kwenye roli hadi mtu apande na kisu kuikata. Sumaku ya vyuma nayo ilitangulia mashine ya alumini, kwani kipande cha chuma kikipenya hadi huko hung'ang'ania ngoma, yaani silinda ambayo mkanda huizunguka, hupata moto na kuliunguza ganda lake.

Ndani ya ngoma ile, mwisho wa mkanda, mna rota iliyojaa sumaku, ncha zake zikipishana, nayo huzunguka kwa kasi inayouzidi mkanda mara nyingi. Alumini ikipita juu yake huzaliwa mikondo ya umeme ndani ya kopo lenyewe, na mikondo hiyo huunda usumaku unaosukumana na ule wa rota. Chupa za plastiki zilidondoka chini moja kwa moja. Makopo yaliruka, yakavuka ubao wa kutenganishia na kugonga bati la upande wa pili kwa kelele iliyowafanya watu wote wapige makofi.

Mama mmoja, mchambuzi wa miaka mingi, hakupiga makofi. Aliinama, akaokota kopo lililoangukia kwenye plastiki, akalitikisa sikioni mwangu. Lilikuwa na kinywaji ndani. "Mwanangu, haya mazito hayafiki." Tuliusogeza ubao karibu na ngoma kwa upana wa vidole viwili, makopo mazito yakaanza kuvuka, lakini baadhi ya chupa nazo zikavuka pamoja nayo. Tuliurudisha nyuma kidogo, naye akiokota na kutuonyesha, mpaka yeye mwenyewe aliposema basi.

Niliandika kwenye ripoti kwamba mkono wa mtu bado unahitajika baada ya ngoma. Nafasi hiyo ilikubaliwa, na yeye ndiye aliyepewa. Wenzake kadhaa walihamishiwa kazi nyingine. Kuyeyusha alumini iliyotumika huokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kuizalisha upya kutoka kwenye madini, na kwa hiyo ningeichora tena mashine ile. Ila mkanda ule ningeuchora vipi ili wenzake nao wabaki, sijapata jibu linaloniridhisha.