Losheni ya tatu ndiyo iliyokubaliana na uso wangu

Mimi naanika dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa niko juani, na jua la ziwani hukupiga mara mbili: linaloshuka toka juu na linalorudi toka majini. Mimba ya pili iliniachia madoa ya kahawia mashavuni. Daktari wa ngozi aliyaita melasma, akasema dawa yoyote nitakayopaka ni kazi bure nisipojikinga na jua. Shoga yangu yeye alishauri mkorogo. Wa kwake ulishamwivisha uso, sijui alikuwa ananitakia nini.

Nikaanza na losheni ya kukinga jua ya kemikali, yenye avobenzoni na oktokrileni. Inapakika kama mafuta ya kawaida, haionekani kabisa kwenye ngozi nyeusi. Lakini jasho likianza kutiririka, macho yanawaka kama umeyapikichia pilipili. Siku moja nilihesabu magunia huku nimefumba jicho moja.

Nikahamia ya madini, ya zinki oksidi. Macho yakatulia. Uso sasa! Ungedhani nimeshinda kinuni natwanga udaga. Vijana wa mitumbwi wakaniuliza, "Mama, leo umelala kwenye gunia la unga?" Kwa aibu nikawa naipaka kiduchu, na hilo ndilo kosa langu kubwa, kwa sababu ile SPF 30, yaani kipimo cha kinga ya jua, iliyoandikwa kwenye chupa hupimwa kwa losheni nyingi. Uso na shingo vinataka mistari miwili ya losheni iliyojaa, mmoja juu ya kidole cha shahada na mmoja juu ya cha kati.

Nilikuwa nikiamini kwamba madini hurudisha miale ya jua kama kioo na kemikali huinyonya. Mfamasia akanicheka kidogo. "Dada, hata zinki sehemu kubwa inanyonya tu." Halafu akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: hiyo yako ina rangi?

Kumbe melasma kwa sisi weusi haichochewi na miale isiyoonekana peke yake. Hata mwanga huu tunaouona kwa macho unaichochea, na SPF haiupimi. Losheni nyingi zisizo na rangi, ziwe za kemikali au za madini, zinauacha upite. Kinachouzuia ni oksidi ya chuma, ile inayoipa losheni rangi ya udongo. Nikanunua ya zinki yenye rangi hiyo. Bei iliniuma, ila weupe wa unga ukatoweka. Miezi mitano sasa, nimeongeza na kofia pana ya ukili, madoa yamefifia. Hayajaisha.

Kazi iliyobaki ni kurudia kupaka kila baada ya saa mbili. Nina dumu la maji na kipande cha sabuni chini ya chanja, maana nikijipaka kabla ya kunawa, uso unanuka dagaa mpaka jioni.