Mdomo uliofungwa ndani ya jiwe la Manda

Mawe yalishushwa gatini asubuhi, punda wakayapandisha hadi Mkomani, mtaa wa mji wetu wa Lamu, na kufikia saa nne nilikuwa uani kwa mwenye nyumba nikiyachonga. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeporomoka na tulikuwa tunaujenga upya kwa chokaa, namna ya kale. Jiwe la tatu au la nne lilipasuka mahali ambapo sikulilenga. Nikalipindua, nikaona meno.

Naliandika nilivyoliona. Mstari uliokwenda mapindi, juu na chini mara tano, pande mbili zikiingiana kama vidole vya mikono iliyofumbatana. Urefu wake shubiri moja ya mkono wangu. Rangi yake nyeupe iliyoingia umanjano kidogo, na jiwe lililouzunguka lilikuwa la kijivu, limejaa vitundu.

Nimefanya uashi miaka 22, na mawe ya Manda, kisiwa jirani, nayajua. Yote ni matumbawe yaliyokufa na kushikamana. Ukilipasua moja utakuta masega kama ya nyuki, jingine lina mikunjo kama ubongo wa mbuzi, jingine lina nyota ndogondogo zilizopangana vizuri kuliko nakshi ya mlango. Kuta za mji wetu zimejaa viumbe hivyo chini ya lipu. Lakini meno sikuwa nimewahi kuyaona.

Mwenye nyumba alisema, "Fundi, hilo ni taya." Vijana wa punda wakasema la papa. Mzee mmoja aliyesimama mlangoni akasema la nguva. Kijana mwingine akalipiga picha, programu ya simu yake ikamjibu kuwa ni jino la mnyama wa kale, na kabla ya adhuhuri habari zilishafika mtaa wa Langoni kwamba Mkomani kumechimbuliwa dainosaria. Nilimwomba mwenye nyumba anipe lile jiwe, nikamfidia kwa mawe mawili mazuri.

Usiku nikalikamulia ndimu. Likatoa povu dogodogo kila mahali, kwenye jiwe na kwenye "meno" yenyewe. Jiwe la chokaa na makombe ya baharini hutoa povu vile yakipata ukali, ila jino halichemki hivyo. Kisha nikaiweka taa karibu na ule upande uliovunjika. Kilichoonekana pale kilikuwa tabaka juu ya tabaka, nyembamba kama maganda ya kitunguu, zikifuata mapindi yale yale ya ukingo. Hapakuwa na vitundu vya uboho, wala tundu la mzizi wa jino. Nilijua basi kwamba si mfupa. Ni nini, sikujua.

Jibu alinipa mjomba wangu, ambaye amevua maisha yake yote. Sikumweleza lolote, nilimwekea tu jiwe mapajani. Akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari, pole pole, mwanzo hadi mwisho, akasema, "Hili si ino, mwanangu. Hili kombe." Akaingia ndani akatoka na kombe kuukuu, zito, analowekea chambo, akalisimamisha kando ya jiwe. Mapindi ya ukingo wake na mapindi ya jiwe yalikuwa ya mkono mmoja.

Ni yale makombe makubwa yanayokaa ndani ya mwamba, ambayo wataalamu huyaita Tridacna. Mjomba anasema kwenye kisiwa kidogo cha Manda Toto bado yapo hai. Yamejizamisha ndani ya tumbawe yakabakiza mdomo tu, na midomo yake ina rangi ya samawati na kijani. Kivuli chako kikipita juu yake, linajifunga.

Hapo ndipo lilipoanza kunishika hasa. Rafiki yangu mmoja alidhani ni mabaki ya chakula cha watu wa kale, pengine wa Takwa, mji wa kale uliobaki magofu kule Manda. Lakini mtu akila kombe hulifungua, na hili limefungwa, vipande vyote viwili viko mahali pake. Halikutupwa pale na mtu. Lilifia pale pale lilipoishi, mchanga na vipande vya matumbawe vikalifunika kabla halijaachana.

Juma lile nikavuka kwenda Manda, kwenye machimbo yalikotoka mawe yetu. Mchimbaji alinionyesha ukuta wa mwamba, na mimi nikaupima kwa kamba na timazi kutoka alama ya maji makuu. Mita tatu juu. Kombe haliwezi kuishi pakavu, kwa hiyo bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa juu. Wataalamu wanasema sehemu kubwa ya mwamba huu wa pwani yetu ilijengeka kiasi cha miaka 125,000 iliyopita, wakati barafu za dunia zilikuwa zimeyeyuka kuliko sasa na bahari ilipanda mita kadhaa. Umri huo hawaupati kwa kupima kaboni, maana hiyo inakomea kama miaka 50,000. Hupima urani iliyomo ndani ya tumbawe inavyogeuka kuwa thoriamu. Dainosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Jiwe langu kwao ni la jana, ila kwangu mimi, ninayejenga nyumba nikitumaini zitasimama miaka 200, ni umri unaonifanya nishushe nyundo.

Sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inataka mtu akipata kitu cha namna hii atoe taarifa. Nimepeleka picha, vipimo na mahali lilipotoka.

Kule machimboni, nilipokuwa nakunja kamba, mchimbaji aliniita upande wa kivuli. Kulikuwa na midomo mingine mitatu kwenye mwamba, mmoja mdogo kama kiganja cha mtoto, yote ikitazama juu. Tumeizungushia makaa, na amenipa neno lake kwamba upande ule hatauchimba mpaka watu wa makumbusho waje kuuona.