Ripoti za simu kutoka Mississippi

Jana usiku usingizi uliniruka kwa sababu ya hifadhi ya kidijitali ya SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi Marekani, iliyoundwa mwaka 1960. Kilichonishika ni ripoti za simu. Vijana waliokuwa wakiandikisha wapiga kura vijijini Mississippi walipiga simu ofisini Atlanta, na aliyepokea akachapa kwa taipureta: nani kakamatwa, nani kapigwa, kanisa gani limechomwa. Hotuba kubwa hazimo. Wamo wakulima na akina mama wa kawaida, kwa majina yao! Nawashukuru kwa dhati wakongwe wa SNCC walioshirikiana na Chuo Kikuu cha Duke kuyaweka haya wazi kwa kila mtu. Wenye barua za harakati kabatini, zipigeni picha hata kwa simu, mchwa hawasubiri.