Siku moja maishani mwangu: baiokemia ya tiba, saa kwa saa

Saa 11 alfajiri. Karatasi tupu, na glaikolisisi, yaani njia ya seli ya kuvunja glukosi, kutoka kichwani. Hatua 10: glukosi moja inatoka ikiwa piruvati mbili, faida ATP 2 (nishati ya seli) na NADH 2 (kibeba elektroni). Zote naziandika, ila nguvu naziweka kwenye hatua tatu zisizorudi nyuma, za vimeng'enya heksokinesi, fosfofruktokinesi-1 na piruvati kinesi. Hapo ndipo mwili unapofungua na kufunga njia. Anayekariri kila mshale kwa uzito uleule huchoka kabla hajaufikia mzunguko wa Krebs, njia inayofuata.

Saa 2 asubuhi, darasani: mwili wenye njaa. Ini la mtu mzima huweka akiba ya glaikojeni (glukosi iliyounganishwa kwa minyororo) kiasi cha gramu 100, misuli kama 400. Hiyo ya misuli haipandishi sukari ya damu, kwani misuli haina glukosi-6-fosfatesi, kimeng'enya kinachoiachia glukosi itoke kwenda kwenye damu. Baada ya takriban saa 24 bila kula, akiba ya ini imekaribia kwisha, na ini linaunda glukosi mpya kutokana na laktati, gliseroli na amino asidi. Kwa kila njia mpya nauliza kwanza: mtu ameshiba au ana njaa, na tuko kwenye kiungo gani?

Saa 4 hadi saa 7, maabara. Tunapima glukosi kwa glukosi oksidesi, kimeng'enya kinachoigeuza na kutoa haidrojeni peroksaidi, ambayo nayo hutoa rangi. Mirija mitatu, kila mmoja mikrolita 1,000 za kitendanishi. Kisha mikrolita 10: wa blanki (usio na glukosi) maji safi ya maabara, wa pili standadi (kipimo kinachojulikana) ya milimoli 5.55 kwa lita, wa tatu plazma. Changanya, acha nyuzi 37 kwa dakika 10, soma ukolezi wa rangi kwenye mwanga wa nanomita 505. Standadi ikisoma 0.300 na sampuli 0.420, gawanya ya sampuli kwa ya standadi, zidisha kwa 5.55: jibu ni milimoli 7.8 kwa lita.

Kwa mikrolita 10, tone lililoning'inia nje ya ncha ya pipeti linatosha kuharibu jibu. Lifute bila kugusa tundu. Vitamini C nyingi hushusha jibu, maana hula haidrojeni peroksaidi kabla haijatoa rangi ya waridi.

Adui mkubwa ni muda. Chembe nyekundu zinaendelea kula glukosi ndani ya mrija, na damu isiyotenganishwa hupoteza kama asilimia 5 hadi 7 kwa saa kwenye joto la chumba. Tunategemea floraidi kuzuia hilo, lakini floraidi hufunga enolesi, kimeng'enya cha hatua ya 9 ya glaikolisisi. Vimeng'enya vya hatua za mwanzo bado vina kazi, kwa hiyo glukosi huendelea kushuka kwa saa moja au mbili. Mrija wa floraidi nao uwekwe kwenye barafu na uzungushwe mapema kwenye mashine ili plazma itengane na chembe.

Saa 8 mchana, kikundi. Kisa: kisukari aina ya 1, pumzi nzito za haraka, sodiamu 132, kloraidi 95, baikaboneti 10. Pengo la anioni, yaani sodiamu toa jumla ya kloraidi na baikaboneti: 132 toa 105, ni 27, juu sana, dalili ya asidi iliyozidi kwenye damu. Bila insulini mafuta yanavunjwa ovyo, asetili-CoA, zao la mafuta hayo, inalizidi ini, na oksaloasetati, inayoiingiza kwenye mzunguko wa Krebs, imevutwa kwenda kuunda glukosi, hivyo asetili-CoA inageuzwa kuwa ketoni, ambazo ni asidi.

Hapa wengi hujikwaa: kijiti cha mkojo huona ketoni ya asetoasetati, hakioni ketoni ya beta-hidroksibutirati, ambayo ndiyo nyingi zaidi. Insulini ikianza kufanya kazi, hii ya pili hugeuka kuwa ya kwanza, na kijiti kinaweza kukoza rangi wakati mgonjwa anapata nafuu. Fuatilia pengo la anioni, na ketoni zipimwe kwenye damu.

Jioni ni chakula na kupumzika.

Saa 2 usiku, mzunguko wa urea, njia ya ini ya kugeuza amonia yenye sumu kuwa urea. Hatua mbili za mwanzo ziko ndani ya mitokondria, tatu nje yake, hivyo ornithini lazima iingie na sitrulini, inayotengenezwa kutokana nayo, itoke. Pembeni ya mchoro naandika swali la kikundi cha kesho: kisafirishi cha ornithini kikikosekana, kwa nini amonia inapanda ilhali vimeng'enya vyote vitano ni vizima?