Kazi tatu si Jumatatu

Leo asubuhi, kwenye komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, Kongo. Mama mmoja mgeni kutoka Tanzania amefika kwa fundi cherehani kuchukua nguo yake.

Kikwembe, yaani kitenge chake, kilikuwa bado juu ya meza, kimekatwa tu, chaki ingali mabegani.

"Mama, nilikuambia kazi tatu."
"Ndiyo baba, leo si Jumatatu?"

Wote wawili walikuwa na haki.

Pwani wanahesabu toka Jumamosi: mosi, pili, tatu. Kwetu hesabu inaanza siku ya kuingia kazini. Kazi moja ni Jumatatu, kazi mbili Jumanne, kazi tatu Jumatano, kazi ine Alhamisi, kazi tano Ijumaa. Kwa zile tatu za kwanza, ongeza mbili upate jina la pwani. Ukifika Alhamisi hesabu hiyo inakatika, maana jina ni la Kiarabu.

Halafu Jumamosi: siku ya posho! Wafanyakazi wa migodi walikuwa wanapewa chakula cha juma nzima, na jina likabaki. Ndiyo maana kwangu hakuna siku inayoishinda. Ukiitamka tu unaona unga umepimwa, mfuko umefungwa. Jumapili ni siku ya Mungu, wengine wanasema yenga.

Kama unapanga siku na mtu wa mbali, taja na tarehe. Yule mama ameandikiwa ya Jumatano kwa chaki kwenye kipande cha kitambaa, akakikunja vizuri ndani ya mkoba.

Wewe unapenda siku gani, na kwenu inaitwaje?